Umeme Umezikwa Shambani Kwangu

Ndugu Meneja wa Shirika la Umeme,

YAH: KUZIKWA KWA UMEME BILA RIDHAA YA FAMILIA

Baada ya salamu na heshima zako zote, mimi ni mzima, ila nina kinyongo ambacho nimekivumilia hadi mashavu yamevimba.

Mwezi uliopita mafundi wako walipita huku mashambani wakichimba mtaro wa kufukia nyaya, eti nguzo zimepitwa na wakati. Hatukuwa na neno. Kasheshe imeletwa na kibao chenu cha njano kinachosomeka: HATARI! UMEME UMEZIKWA HAPA. USICHIMBE. Kibao hicho kimesimama katikati ya shamba langu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kaka yangu mkubwa anaitwa Umeme. Si jina la wazazi. Alilipata kwa kasi yake ya kumaliza chakula. Sasa wapita njia wakisoma kibao wanaangua kilio. Mwalimu mstaafu alijaribu kuwaelimisha kwamba angekuwa mtu, kingesema "amezikwa", siyo "umezikwa". Lakini jamani, mwenye uchungu atangoja ngeli? Shangazi alishazimia kabla mwalimu hajafika kwenye mfano wa pili.

2. Kaka mwenyewe alikuja kukanusha kifo chake. Akakuta waombolezaji wameandaliwa chakula, akaona ni busara akanushe baada ya kula. Mpaka leo hajakanusha.

3. Mama mkwe alikuja kutupa pole kwa siku mbili. Hii ni wiki ya tatu. Nami ni mkwe, nitasema nini? Nalala sebuleni, namwamkia nikiwa nimejifunika shuka hadi puani.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mvua ziko mlangoni na shamba halijaguswa. Majirani wameshapanda. Mke wangu ananiuliza kila asubuhi kama watoto watakula kibao, nami namjibu kwamba sheria ni msumeno. Ndugu Meneja, mimi niliyezaliwa na jembe mkononi nimekaa kitako kivulini, naitazama ardhi yangu kwa machozi! Wiki hii ikipita bila kupanda, mwaka huu tutashindia maji.

5. Mafundi wako walituambia umeme huo uko hai saa zote. Je, aliye hai huzikwa kwa sheria ipi?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mfukue waya wenu muurudishe nguzoni. Ikishindikana, kibao kiandikwe "umefukiwa". Ikishindikana hata hilo, nitumie ofisa wa kumweleza mama mkwe kwamba hakuna msiba, ikiwezekana mwenye sauti nzito.

Nisalimie mafundi wote, karani wa mapokezi, na yule bwana msoma mita. Mwambie mbwa tumeshamfunga.

Wako katika masikitiko,
Mdogo wake Umeme (Umeme yu hai).

Tanbihi: Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu nikiandika hayo. Sasa amekwenda kisimani, basi tuzungumze kiume. Tafadhali usiguse chochote. Waya wenu umepita kando ya barabara, hatua mia mbili kutoka kwangu. Kibao nilikihamisha mimi mwenyewe, maana mgongo wangu na jembe haviivi chungu kimoja. Kama mnacho kingine kinachokataza kupasua kuni, nitakuja kukichukua kwa miguu yangu.

Tanbihi ya pili, kwa mwandiko mwingine: Shikamoo Meneja. Mimi ndiye mke. Barua alinipa niifunge niipeleke posta. Nadhani alisahau kwamba nilisoma darasa moja naye, na nilimpita. Kibao chenu nimekirudisha barabarani. Ukitaka kumjibu, subiri kidogo: yuko tuta la nne, na mama anamsimamia.