Nimefumaniwa Nikifumua

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya ishirini na sita ya ndoa! Asali wa moyo wangu amenibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini. Hata harufu ya sabuni yake naipenda. Jumamosi tunapiga picha ya kwanza ya familia: yeye, mimi na bintiye wa miaka minne. Itatundikwa sebuleni, kwenye msumari ulioachwa na picha ya Yule wa Zamani, mtalaka wake. Mtoto bado ananiita "shangazi wa jikoni". Picha itamaliza hayo. Nimemfumia vazi la nyuki, mabawa na kofia juu. Ameliangalia, akauliza nyuki anaumwa nini.

Jumanne, 5 Machi
Mtoto amekubali kuvaa, kwa sharti: apigwe picha na Kiboko. Kiboko ni mwanasesere wa sufu ya kijivu, kafumwa na Yule wa Zamani. Mtoto hulala naye, hula naye, humpangusia kamasi. Yaani mwanamke yule aingie kwenye picha yangu kwa mlango wa nyuma! Nimefuma kiboko wangu, wa waridi. Mama mkwe amemgeuzageuza, akasema viazi vya mwaka huu vimenenepa. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mwenzangu alikuwa na mikono kiboko. Nimecheka. Meno nje, moyo umefura.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata akili! Nitafumua mdomo wa Kiboko kidogo tu, nihesabu vishono. Kisha nitafuma wa kwangu sawasawa naye na kuwabadilisha. Mtoto atakumbatia mapenzi yangu bila kujua. Na shuleni walisema mimi ni wa wastani.

Alhamisi, 7 Machi
Ni uzi mmoja! Mdomo ukaondoka na shavu, shavu na kichwa, kichwa na tumbo. Nilikuwa sakafuni bafuni, pamba imejaa mapajani, mama mkwe akafungua mlango. Akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Nimemfumania mke wa mwanangu bafuni!"
Majirani watatu walifika kabla sijaficha pamba. Mmoja alikuja na mwiko. Walichungulia nyuma ya pazia wakimtafuta mwanamume. Walipoambiwa ni kiboko tu, walivunjika moyo kabisa.
Mtoto hakulia. Alikusanya uzi, akaukumbatia kifuani, akamwuliza baba yake kama Kiboko bado anasikia.
Asali wangu hakuitikia salamu yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Yule wa Zamani ameitwa. Amekaa kwenye kiti changu, akaomba sindano yangu. Chai haijapoa, Kiboko ana kichwa. Kabla ya mchana alikuwa mzima, na tabasamu juu. Angekuwa na kiburi ningepumua, lakini ni mpole! Ameshika kazi yangu, akaniambia: "Legeza mkono, mdogo wangu. Unafuma kama mtu anayefunga mzigo."
Mume wangu amecheka. Kicheko kilekile cha siku ya posa. Nilidhani ni changu peke yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Studio. Mtoto amekataa kusimama bila mama yake, basi naye amekuja. Mpiga picha amewaona watatu wale na Kiboko, akawapanga. Mimi amenikabidhi ubao mweupe wa kurudishia mwanga. "Dada, nyanyua kidogo," akaniambia. Nikanyanyua. Nyuki wangu ametoka vizuri, mabawa yote mawili. Pembeni kidole gumba changu kimeonekana.
Kwa hiyo nimo.

Jumapili, 10 Machi
Picha iko kwenye msumari. Asali wangu ameniomba radhi, amenishika mkono, akasema kidole gumba hicho ni kizuri kuliko vyote. Jamani, mapenzi! Nimeegemea kifua chake, kwenye sweta lake la kahawia asiloliacha. Laini ajabu. Vishono vimelingana kama mchele. Nimemwuliza nani alilifuma. Amekohoa, akauliza kama kuna chai.
Kesho ataliacha nyumbani, maana kunatarajiwa joto. Nitafumua mkono mmoja tu. Nihesabu vishono.