Kinywa cha Mistari Mitatu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeaibishwa na kisanduku. Makasha arobaini ya vigae yamefika kutoka China, kila moja na lebo yenye kisanduku kitupu, hivi: 口. Mpokea mizigo mwenye akili zake akikuta kisanduku kitupu hufanya nini? Huweka alama ya vema. Nikaweka, zote arobaini, kwa wino usiofutika. Bosi akaniambia mbele ya ghala zima kwamba ile ni herufi ya Kichina, maana yake kinywa. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, anayepima mizigo, alicheka hadi akaegemea mizani.

Sasa Bosi analeta mwalimu. Ijumaa mtihani. Atakayeshinda atakuwa mkuu wa mapokezi, na ofisi yenye mlango. Nimeshamwambia mke wangu cheo ni changu.

Jumanne, 5 Machi
Somo la kwanza. Mwalimu ni mama mstaafu, mkalimani wa zamani. Saa nzima watu wazima tunafundishwa kuchora mraba! Mstari wa kwanza unashuka kushoto. Wa pili unakwenda kulia, unakunja na kushuka bila kuinua kalamu. Wa tatu unafunga chini. Nikauliza pande nne zinakuwaje mistari mitatu. Akajibu kwa upole kwamba ndivyo mkono unavyozoezwa. Porojo. Wino ukishakauka nani atajua ulianzia wapi?

Shemeji amejaza kurasa mbili, ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano. Vinywa vyake vimepinda kama vya wagonjwa wa jino. Namhurumia.

Alhamisi, 7 Machi
Sikwenda darasani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji ana kipara. Nimechonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili yangu ya kushoto. Mraba safi. Mke wangu akauliza mbona natembea na kandambili moja. Mambo ya kazini, nikamjibu. Akasema dada yake kamwambia mwalimu hutazama mkono, si karatasi tu. Ukoo ule kwa kutishana hawajambo.

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani: vinywa ishirini. Nikajikunyata nyuma ya kasha, muhuri kiganjani. Nikamaliza wa kwanza. Mwalimu akashika karatasi yangu, akavua miwani, akaivaa tena.

“Baba, vinywa vyako vyote vimeng’oka jino moja.”

Kweli. Kila mraba ulikuwa na pengo pembeni, pale kisu kilipoteleza. Akanipa chaki niandike kimoja ubaoni. Nikaanzia chini, nikazunguka bila kuinua chaki hadi nilikotoka. Likatokea yai. Hakuna hata aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Akaja Shemeji. Kushuka, kukunja, kufunga. Kimepinda kidogo, lakini mwalimu akatabasamu. Cheo kikaenda kwake.

Wakati wa kutoka Shemeji akanisogelea. “Shemeji, pitia nyumbani nikuoneshe. Dakika kumi tu.”

Huruma ya mshindi inanuka. Sikwenda.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji amekaa ofisini, mlango wazi makusudi. Nimempelekea hati zote huku nikitazama ukuta. Mwalimu yule hajui kazi. Mtu anayehukumu mkono badala ya maandishi atahukumu pia viatu.

Jioni kinyozi wa jirani akaniita. Amesikia ghalani tunasomeshwa Kichina, naye anataka herufi mlangoni pake, wateja wajue kwamba ni mtu aliyetembea. Nikamwambia kuandikiwa ni uvivu, nitamfundisha aandike mwenyewe. Akaniita Mwalimu. Akanipa kiti.

Tunaanza kesho. Mstari mmoja tu, kutoka chini kwenda juu, kama nyumba yoyote inavyojengwa.