Shimo la Bi Yasmini Shambani Kwetu

Jumamosi, 7 Juni 2025
Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Mseti wangu amenimenyea viazi. Mwanamume wa Gorong'a, mbele ya mama yake! Nilitamani kulia.

Kisha akanivunja moyo. Bi Yasmini, mtaalamu anayepima na kuainisha udongo wa bonde la Mto Mara, atachimba shimo shambani kwetu Jumanne. Mseti anasema akiambiwa udongo umechoka, anaenda Natta kuomba kazi kwenye kambi za watalii. Atakuwa anarudi mara moja kwa mwezi. Kwa mwezi! Wakati wa uchumba alikuja kwetu Nyambureti kwa baiskeli kila Jumapili, matope hadi magotini, nami nikimwoshea viatu.

Haendi.

Jumapili, 8 Juni
Nimesingizia kichwa, wote wakaenda kanisani. Kigingi cha kuonyesha pa kuchimba shimo kilikuwa kimeshapigwa. Nikachimba hapo hadi kina cha goti, nikajaza udongo mweusi kutoka zizi la zamani la baba mkwe. Makarai kumi na tisa, kichwani. Ulinukia kama nyumbani asubuhi, mama akikamua, baba akiita ng'ombe kwa majina. Nikakaa chini nikikumbuka. Nusura wanikute.

Mseti aliuliza hali ya kichwa. Nikasema kinapungua. Akanikanda shingo. Malaika.

Jumanne, 10 Juni
Shimo limechimbwa, kina kinampita Mseti. Bi Yasmini akashuka, akachokoa ukuta wake kwa kisu, akalinganisha rangi na kitabu. Akasema chini kuna udongo mwekundu, laini, wa kina kirefu, miongoni mwa udongo bora aliouona bonde zima. Kumbe haukuhitaji msaada wangu.

Lakini juu, akasema, kuna samadi, majivu na mifupa. Hapa watu na ng'ombe walikaa miaka mingi. Akaandika: mahame, yaani makazi ya kale yaliyoachwa.

Mzee Hezekia, jirani anayegombea shamba hili tangu Mseti hajazaliwa, akavua kofia. Akasema aliyekaa hapo ni babu yake yeye, si wa Mseti. Akamuuliza baba mkwe ni nani sasa mwongo. Akanigeukia mimi: karibu kwa babu, mke wa Mseti, ila jembe liache nyumbani.

Ijumaa, 13 Juni
Kesho wazee wa ukoo wanakuja kuamua. Shamba likienda kwa Hezekia, Jumatatu Mseti yuko Natta. Begi tayari. Nilimkunjia mashati, nikanusa moja moja.

Nilifikiria kusema ukweli. Lakini mama mkwe angenitazamaje?

Nimepata njia bora. Kama ni mahame, basi yawe ya babu yake Mseti. Nimechukua sufuria niliyotunzwa harusini, nikachora kwa msumari jina la babu, Marwa, nikaipaka masizi ionekane ya kale, nikaifukia kwenye ukuta wa shimo. Kibandiko cha bei kimegoma kutoka, lakini nimekigeuzia ndani.