Bega la Bibi na Msumari wa Tano

Jumatatu, 3 Juni
Bega la bibi limegoma. Tangu aanguke, kilemba anafungwa na mama. Shangazi kasema akija Jumamosi akute bibi anajifunga mwenyewe, la sivyo anamhamishia kwake. Haiwezekani! Nani atanisikiliza nikisoma kwa sauti? Nimeazima kitabu cha viungo maktaba. Goti ni bawaba tu, kama ya mlango. Bega ni tufe ndani ya kikombe, huzunguka kila upande. Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni
Nimepigilia misumari mitano ukutani, mmoja juu ya mwingine. Redio ya bibi itapanda msumari mmoja kila siku. Akitaka habari, atanyoosha mkono tu. Sayansi! Mama kauliza ukuta umemkosea nini.

Jumatano, 5 Juni
Nimeruka hadi wa tano. Muda hautoshi. Bibi kaiangua redio kwa mkongojo kama papai. Betri mvunguni. Kaniambia haraka haraka haina baraka. Nikasema kitabu hakisemi hivyo. Akasema kitabu hakina bega.

Alhamisi, 6 Juni
Nilimwonyesha mfano: mkono mmoja juu ya bega, mwingine chini, vidole vikutane mgongoni. Vilikutana. Shingo ikakataa kurudi. Nimekwenda shule nikitazama kushoto. Mdogo wangu ananiita Kaa.

Ijumaa, 7 Juni
Nyuma ya mlango wa bibi nimekuta alama za penseli. Zinaanzia kiunoni, ya juu imenipita kichwa. Bibi kakiri: daktari wa viungo alimfundisha kutambaza vidole ukutani kila asubuhi, akiumia apumzike. Wiki ya tano sasa. Ila fundo la kilemba, nyuma ya kichwa, bado linamshinda. Nikauliza mbona hakusema. Eti nilivyofurahia misumari yangu, angenikatizaje?

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi kafika. Bibi akainua mikono, polepole. Ikakwama masikioni. Ikapanda tena. Akafunga! Kilemba kilipinda, hakuna aliyekigusa. Shangazi akalia, mama akalia. Mimi nilikuwa bado natazama kushoto, nikalilia huko huko. Bibi haendi popote!

Ni wazi redio ndiyo iliyosaidia.

Shangazi alipoinuka, goti lake lililia kama mlango mkavu. Maskini. Yupo hadi kesho jioni. Kitabu kinasema bawaba hutaka kukunjwa. Kuanza kidogo kidogo ni kupoteza muda: viatu vyake nimeshavisukuma mvunguni, hadi ukutani.