Vita vya Mukonyo na Baraka Tele Tiketi

Sogeeni karibu, ninyi mliowahi kubonyeza "Lipa Sasa" kabla ya kusoma maandishi ya chini! Sogeeni nanyi mlioambiwa msubiri siku saba za kazi, mkasubiri hadi mkasahau mnasubiri nini. Zimeni redio, wekeni vikombe chini, niwasimulie habari za Mukonyo binti Musili wa Kinoo, jemadari wa karai na sabuni, mfua mashuka wa Kileleshwa, mshinda madoa yaliyozishinda mashine za matajiri. Jinsi alivyoikabili ngome ya Baraka Tele Tiketi katikati ya jiji la Nairobi, akarudi na nyara za shilingi elfu tatu kamili.

Ikawa katika mwezi wa nne, mwezi wa masika, Mukonyo alikuwa hajamtia machoni mama yake mzazi, Kavindu wa Mwingi, kwa miaka mitatu. Na huyo Kavindu alikuwa na hamu moja duniani: kumwona Nakhumicha, mwimbaji wa Injili, akiimba kwa kinywa chake mwenyewe, wala si kwa kinywa cha redio. Basi tangazo la Baraka Tele Tiketi, kampuni ya kuuza tiketi, lilipochomoza kwenye simu, Nakhumicha kavaa gauni jeupe na kuinua mkono, Mukonyo alitoa akiba yake yote akanunua tiketi mbili za Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akamwahidi mama. Nauli ya mama, alijiambia, itatoka kwenye mashuka ya wiki ijayo. Lakini wiki ijayo ilikuja na mvua ya siku sita, na hakuna mtu wa Kileleshwa amwitaye mama fua siku ya mvua. Akabaki na tiketi mbili, na mama asiye na nauli.

Hapo ndipo alipotokea Gerishon, soja alindaye lango la nyumba moja ya Kileleshwa, msomaji asiyechoka, ambaye husoma hata gazeti lililofungiwa mandazi. Aliishika simu ya Mukonyo, akaisogeza puani, akavua kofia.

"Mukonyo," akanena, "jikaze. Hapa chini imeandikwa mwimbaji ataonekana kwa skrini. Hakuna Nakhumicha. Umelipa elfu tatu kuangalia TV na watu wengi."

"Gerishon, usinichezee. Hiyo pesa ni mgongo wangu."

"Soma mwenyewe. Haya maandishi ni ya sisimizi."

Akasoma. Alikasirika, kisha akaona aibu, kisha akakasirika zaidi kwa sababu ya ile aibu. Alipiga simu ya kampuni mara nne, na mara nne akachezewa pambio mpaka salio likaisha. Alhamisi asubuhi akajifunga kitambaa cheupe kichwani, kitambaa cha uenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama, akashika njia ya mjini. Na ijulikane kwamba huko Kinoo sifa za Mukonyo katika maombi zilikuwa zimeenea. Kuna harusi moja ambayo aliombea chakula, na pilau ikapashwa moto mara mbili.

Lifti ya jengo la kampuni ilikuwa imekufa. Orofa tano akazipanda kwa miguu, akihema, akijikokota, asirudi nyuma. Ndani alikuta foleni ya watu saba waliokuja kununua tiketi zile zile, na nyuma ya meza binti aitwaye Stacy, mlinzi wa lango la pili.

"Sasa aunty, unataka VIP ama regular?"

"Sitaki VIP, sitaki regular!" Mukonyo akapaza sauti. "Mimi ni Mukonyo wa Kinoo! Mliniuzia mtu, mkaniletea picha. Nataka pesa yangu yote, na siondoki hapa hata mkifunga ofisi na mimi ndani!"

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka meneja, Kibe mwenye suti ya samawati, mtu ambaye tabasamu lake lilikuwa limewazimisha wadai wengi kabla ya adhuhuri.

"Mama yangu mpendwa," akahutubu, "sisi si kampuni ya hivi hivi. Sisi ni kampuni ya Kikristo. Policy inasema tiketi ikishanunuliwa imenunuliwa, na hata mimi ni mtumishi tu wa policy. Lakini hapa hakuna mgeni anatoka bila maombi. Naona wewe ni mama wa kanisa. Hebu tuombee, upate amani, ndio uende nyumbani."

Ole wako, Kibe! Ulikitazama kitambaa usikitambue! Kwa maana iko sheria katika nchi hii, isiyoandikwa kwenye katiba na inayoheshimiwa kuliko katiba, kwamba maombi hayakatizwi.

"Tufumbe macho," akasema Mukonyo.

Kofia zikavuliwa. Stacy akaweka simu chini. Mukonyo akaanza mbali, kwa kushukuru hewa, na mvua, na Waiyaki Way isiyokuwa na ajali asubuhi hiyo. Dakika ya ishirini ndipo alipoingia uwanja wa mapambano.

"Baba, mwangalie mtumishi wako Kibe. Wewe unajua Nakhumicha hakuji Jumamosi. Hawa watu saba hawajui, Baba, lakini wewe unajua. Wafunulie yale maandishi madogo pale chini!"

"Amina, amina, basi asanteni sana," Kibe akadakia, jasho likimtoka.

"Baba, anataka kukimbia! Mshike!"

"Mshike!" wakaitikia watu wa foleni, kwa mazoea. Mmoja wao akafumbua macho, akatoa simu, akaanza kusoma pale chini. Akamgusa wa mbele yake.

Kibe akafumbua jicho moja, akaona foleni inasoma. Akachomoa simu yake, akalitafuta jina la Mukonyo kwenye orodha ya tiketi, akabonyeza. Simu ya Mukonyo ikalia kifuani mwake. Naye, mikono ikiwa bado juu, akachungulia kwa jicho moja.

"Na nakushukuru, Baba, kwa elfu mbili mia tisa na arobaini. Sasa tunakuja kwa zile sitini walizokata, wameziita ada ya huduma. Huduma gani, Baba?"

Simu ikalia tena.

"Amina," akasema Mukonyo.

Kabla hajashuka hadi orofa ya tatu, Stacy alikuwa ameshabandika karatasi mlangoni: KWA AMRI YA MENEJA, MAOMBI HAYARUHUSIWI. Waandishi wa historia ya jiji na waandike basi, kwamba Alhamisi hiyo, kabla ya saa saba mchana, mfua nguo mmoja aliifanya kampuni ya Kikristo iogope kuomba, naye hakukatwa hata senti.

Shujaa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, magoti yakimuuma, akituma nauli Mwingi. Kisha akapiga simu.

"Mama, imefika?"

"Imefika, mwanangu. Na Nakhumicha?"

Kwa hili Mukonyo hakuwa na ombi. "Hakuji, mama. Walinidanganya. Utanikuta mimi tu."

"Wewe hujui kuimba," akasema Kavindu. "Lakini nakuja."