Bi Anifa na Vizuizi Sita

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mama Euphrasia, mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Ilala, kaja tena na malalamiko ya majirani. Eti farasi wangu Jemedari kala pazia la mtu. Dirisha lilikuwa wazi, kosa la nani? Kasema hii si shule ya kupanda farasi, ni banda la mnyama mmoja na mwanafunzi mmoja. Nimletee ushahidi kufikia Jumapili, la sivyo Jemedari ahame. Ahame! Miaka minane nimemlea! Nikamjibu kwamba Jumamosi tunaenda mashindanoni. Nilikuwa sijui kama kuna mashindano. Nikaulizia. Yapo!

Jumanne, 15 Julai

Mwanafunzi wangu ni Bi Anifa, muuza mitumba wa Mchikichini, miaka hamsini na miwili. Anapanda vizuri, ila kila akimgusa farasi kwa kisigino anamwomba samahani. Mashindano yanataka buti. Nikaenda Feri, nikapata buti nyeupe za mpira za wauza samaki. Jemedari kazinusa, kagoma kupandwa. Saa nzima! Nimezipulizia marashi. Sasa zinanuka samaki anayekwenda harusini.

Alhamisi, 17 Julai

Nimejaza fomu. Vizuizi vya kuruka na farasi, vya watu wazima vinafika kifuani. Vya watoto, gotini. Nimeandika: Anifa, miaka kumi na miwili. Kalamu iliteleza.

Severine kapiga simu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika hatamu, leo ana farasi sita kule Mbezi na buti za ngozi. Kasikia habari za fomu kwa waandaaji. Kasema, kaka Elimringi, irekebishe mapema, nitakusaidia. Nikamwambia msaada awape wenye shida.

Jumamosi, 19 Julai

Tulimpeleka Jemedari kwa Fuso la kubebea ndizi. Alishuka na mkungu mdomoni.

Mwamuzi akatangaza: Anifa, miaka kumi na miwili! Bi Anifa akaingia uwanjani, ushungi ndani ya helmeti. Mwamuzi akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema amekua haraka.

Tukafutwa.

Bi Anifa hakupiga kelele. Alishuka, akaja hadi nilipo. "Mwalimu, umeniaibisha mbele ya wajukuu zangu." Kumbe aliwaleta, watatu, na bango lenye jina lake. Nikainama kuzipangusa buti zake. Mimi!

Severine, aliyekuwa pale na farasi wake, ndiye aliyemfuata mwamuzi, akamwombea Bi Anifa apande tu, bila kushindania chochote. Nilitaka kukataa. Bi Anifa alishapanda.

Kizuizi cha kwanza. "Samahani, Jemedari!" Wakakiruka. Cha pili. Cha tatu. Sita vyote, hakuangusha hata kimoja! Watoto aliokuwa ashindane nao wakasimama wakimpigia makofi. Machozi yakanitoka. Ni vumbi. Uwanja ule una vumbi sana.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi nimekwenda Kariakoo, nimenunua kikombe na kuchongesha neno Mshindi. Mama Mwenyekiti akaja. Kabla sijakitoa chini ya nyasi nilikokificha, Bi Anifa alishamsimulia yote, fomu na buti pamoja. Nikajua tumekwisha.

Mama Mwenyekiti akaomba kuona video waliyoirekodi wajukuu uwanjani. Akairudia mara tatu. Akacheka hadi akakaa juu ya ndoo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu wa kilo tisini naye anaruhusiwa kupanda. Jemedari anabaki! Pazia nilinunue mimi. Sawa.

Jioni Severine kaleta farasi wake mmoja kutoka Mbezi, katuazima, maana sasa wanafunzi ni wawili. Bi Anifa akanitaka niahidi mbele ya wote kwamba uongo basi. Nimeahidi. Kwa moyo wote. Nikamshika Severine mkono na kumwita mdogo wangu.

Kesho namtafuta mchora mabango. Kibao kipya getini: Shule ya Farasi ya Elimringi, Makao Makuu. Chini yake, kwa herufi ndogo: Tawi letu liko Mbezi.