Busu Ndani ya Mashine ya Urujuanimno

Jumatatu, 4 Machi

Na bado sijamaliza kumsifia! Jana wino uliniishia kwenye vishimo vya mashavu yake. Mke wangu! Nikiliandika neno hilo nacheka peke yangu. Tatizo ni moja: nina mume mwenzangu. Ni mashine ya maabara, ndefu kama jeneza, inang'aa kuliko mimi siku ya harusi. Inamchukua asubuhi, inanirudishia giza limeingia. Fungate letu limeahirishwa mpaka mkuu wa maabara avikubali vipimo vyake Ijumaa. Akivikubali, wiki nzima ziwani. Akivikataa, hakuna ziwa. Lazima nisaidie.

Jumanne, 5 Machi

Nimempelekea chakula cha mchana. Mlinzi wa getini aliuliza bwana harusi analeta nini tena leo. Mapenzi, nikamjibu. Akasema niyaandikishe hapo kwake kwanza.

Mke wangu alinieleza kazi. Oo, anavyoeleza! Anapasha moto unga wa asidi amino, vitu ambavyo protini hujengwa navyo, mpaka uwe mvuke ndani ya chumba cha mashine kisicho na hewa. Kisha anaumulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule wa jua unaounguza ngozi, ila huu mkali zaidi. Mwanga unaipokonya molekuli elektroni moja. Moja tu! Molekuli inabaki na chaji, haitulii, inavunjika vipande. Mashine inavipima uzito, naye anajua imekatikia wapi. Machozi yalinilenga. Nikamwambia akiniacha nami nitavunjika hivyo hivyo. Akaniambia nisogee mbali na meza.

Alipogeuka kutafuta glavu, nikakiona kikombe cha chuma cha kuwekea unga, kidogo kama kizibo cha soda. Nikakibusu. Kwa baraka! Midomo nilikuwa nimeipaka mafuta ya mgando, kwa ajili yake.

Jumatano, 6 Machi

Furaha! Amepiga simu akihema. Grafu imeota vilele ambavyo hajawahi kuviona: vipande vizito kuliko molekuli yenyewe iliyovunjika! Nikauliza kipande kinazidije kitu kizima. Akasema hilo ndilo linalomsumbua. Mimi sikusumbuka. Nimefungasha sanduku. Kaptura mbili, na kofia yake.

Alhamisi, 7 Machi

Ameniuliza, kwa upole wa kutisha, kama juzi niligusa kitu. Nikasema kwa mkono, hapana. Akauliza basi niligusa kwa kitu gani. Nikataja busu. Akauliza kama lilikuwa kavu. Nikasema la mafuta. Akakaa sakafuni.

Kumbe vile vilele vizito ni mafuta yangu: yamepikwa pamoja na unga, yakawa mvuke, yakapakaa kuta zote za ndani. Sasa mashine lazima ipashwe moto siku kadhaa huku pampu zikiyanyonya. Na kipimo hicho ndicho kilikuwa cha mwisho. Bila hicho hana cha kumwonyesha mkuu.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu amekataa. Alimwuliza mbele ya wenzake kile kilele kirefu ni asidi amino gani. Mke wangu akajibu: huyo ni mume wangu. Wakacheka mpaka mkuu akavua miwani. Fungate limesogezwa hadi mashine itakate, naye ndiye anayeisafisha, kwa hiyo sasa inamrudisha kwa kuchelewa zaidi. Nimepigwa marufuku maabara. Aliponipa habari hiyo alijikaza asicheke. Nilikiona kishimo kimoja!

Jumamosi, 9 Machi

Kofia nimeirudisha msumarini. Ameibandika ile grafu jikoni, juu ya jiko, niitazame kila siku nijue nilichofanya. Nimeitazama. Kilele changu ndicho kirefu kuliko vyote! Asidi amino zimesimama pembeni kama wapambe wangu. Mume mwenzangu amenimulika kwa mwanga wake wote na bado nimeonekana. Nani mwingine amependa hivi?

Kosa, nimeligundua, ni mafuta. Yale hayakuwa na harufu. Nimenunua yenye harufu ya waridi. Mlinzi nimeshamlainisha kwa soda baridi. Laazizi wangu, mashine yako ikitakata tu, kabla mwezi huu haujaisha, nakuja kukutembelea.